Nyoka wa Kizingitini

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa kila kitambaacho ardhini na kila kirukacho angani, Aliyetia sumu katika jino na dawa katika ardhi, na Akampa mwanadamu akili ya kuipambanua hii na ile. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na ahali zake, na Sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu zangu Waislamu mliohudhuria hapa msikitini, na nyinyi mnaotusikiliza majumbani, nakuusieni pamoja na nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu.

Katika mvua za masika zilizopita niliondoka kitandani kabla ya Alfajiri, nikafungua mlango wa uani niende kutawadha. Nilikuwa na kurunzi mkononi. Nilipoinua mguu nivuke kizingiti, mwanga ukaangukia kitu nilichodhani ni kipande cha kamba kuukuu iliyozungushwa. Mara kile kitu kikavuma kwa pumzi, kama mivuo ya mhunzi inapobanwa. Alikuwa kifutu, ambaye wengine humwita moma au bafe, mnene kama mkono wa mtu mzima, na baina ya kichwa chake na unyayo wangu palikuwa na shibiri mbili tu. Nikarudi kinyumenyume, nikawapigia kelele watu wa nyumbani asitoke mtu. Vijana wakaja kwa upande wa mbele na mti mrefu, wakamwua kwa mbali. Sala ya jamaa asubuhi ile ilinipita, na wala sikuona vibaya kuchelewa. Katika Hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) ameruhusu nyoka na nge wauawe hata mtu akiwa ndani ya Sala. Ikiwa aliyekwisha kuhirimia ameruhusiwa, sembuse mimi niliyekuwa sijatia maji mkononi?

Kulipopambazuka tukatazama uani. Chini ya upenu niliweka magunia mawili ya mahindi, na chini ya magunia panya wametoboa mashimo yasiyo na idadi. Kando yake pana lundo la kuni ambalo nilikwisha kuambiwa mara nyingi niliondoe. Basi kifutu hakuja kwangu kwa uadui. Alikuja kula, na karamu niliiandaa mimi mwenyewe.

Habari zilipoenea, watu wakaja kunipa pole. Wengi wakasema, “Sheikh, umeokolewa na nyiradi zako.” Sikatai, hifadhi yote ni ya Mwenyezi Mungu. Lakini nimeona ni haramu kwangu kunyamaza nikaachiwa sifa hiyo peke yake. Asubuhi ile niliokolewa pia na kurunzi, na kurunzi ile ina kisa chake. Sijapata kukieleza juu ya mimbari, na leo nakieleza.

Mwishoni mwa mwaka 1997 zilinyesha zile mvua kubwa za El Niño, ambazo wengi wenu mnazikumbuka. Mashimo yakajaa maji, na nyoka wakapanda kwenye vichuguu, njia na nyua za watu. Mimi nilikuwa kijana niliyetoka chuoni karibuni, nikisomesha madrasa katika kijiji kimoja cha pwani. Jioni moja, baada ya Sala ya Alasiri, niliwatuma watoto wakaokote kuni nyuma ya madrasa. Mmoja wao, wa miaka kumi hivi, akakanyaga majani marefu akaumwa na kifutu juu kidogo ya kifundo cha mguu.

Waliniletea mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu. Nilichukua kitambaa nikaufunga mguu kwa nguvu chini ya goti. Mzee mmoja akaleta lile jiwe jeusi linalosemwa kwamba hunyonya sumu, akalibandika. Nikasoma Alhamdu nikatema mate kidogo, nikasoma tena na tena. Mtoto akatulia. Wakati ule lori la mkaa lilikuwa limesimama barabarani, likielekea mjini, na baba yake akaniuliza, “Mwalimu, tumpakie?” Nikamjibu, “Tusubiri asubuhi, ametulia.” Lori likaondoka.

Usiku kucha mguu ulivimba hata ukapita goti. Kulipokucha, ngozi ilikuwa na malengelenge meusi, na mto umefunika barabara. Alibebwa kwa machela, akafikishwa hospitali siku ya pili. Maisha yake yakaokolewa, lakini mguu ukakatwa. Tabibu hakunilaumu. Aliniuliza tu nani aliyefunga kitambaa, kisha akanieleza kwa upole kwamba sumu ya kifutu huozesha nyama, na ukiufunga mguu kwa nguvu, damu haipiti na sumu hubaki mahali pamoja ikiozesha zaidi. Yaani mkono wangu ulilisaidia jino la nyoka.

Ndugu zangu, mimi siku ile sikuwa sina dalili. Nilikuwa na Hadithi Sahihi kichwani. Nilikuwa nakumbuka kisa cha Abu Said al-Khudri (r.a.), jinsi Masahaba walivyopita kwa kabila moja wakanyimwa ukarimu, kisha mkuu wa kabila akaumwa na mdudu wa sumu, mmoja wao akamsomea Alhamdu, naye akainuka kama aliyefunguliwa kamba, wakapewa kondoo, na Mtume (s.a.w.) akawakubalia. Kisa hiki ni cha kweli, kimo katika Bukhari na Muslim, na kumzingua mgonjwa kwa Qur’ani ni katika dini yetu. Lakini nilikisoma nusu. Katika mapokezi yake imetajwa kwamba watu wa kabila lile walikwisha kumhangaikia mkuu wao kwa kila njia waliyokuwa nayo, na hapana iliyomfaa, ndipo wakawaendea Masahaba. Kisomo hakikukizuia kitu, wala aliyesoma hakumwambia mtu asubiri asubuhi. Mimi nilikitumia kisomo kuliacha lori liende.

Na iko Hadithi ya pili ambayo ningeikumbuka kwanza. Amepokea Abu Daud kutoka kwa Jabir (r.a.) kwamba mtu mmoja safarini alipasuliwa kichwa kwa jiwe, kisha akaamka na janaba, akawauliza wenziwe kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata habari alikasirika, akawahesabu wale kuwa ndio waliomwua, kwa kuwa hawakujua na hawakuuliza. Hawakukusudia shari hata chembe. Na amepokea tena Abu Daud kwamba mwenye kujitia utabibu hali hajulikani kwa utabibu, huyo ni mwenye dhamana kwa litakalotokea. Wanavyuoni wameijengea hukumu Hadithi hiyo. Nawakumbusha kwayo walimu wenzangu wa madrasa, na wazee wenye mawe na hirizi, na kila tunayeletewa mgonjwa kwa kuwa tu tunaheshimiwa.

Kuna na balaa jingine lililotokea usiku ule ule. Wakati mimi nasoma, ami yake mtoto alitoka kwenda kwa mganga kuuliza ni nani aliyemtuma nyoka. Akarudi na jina la jirani waliyekuwa wakigombana naye mpaka wa shamba. Nyumba mbili zilizokuwa zikiazimana chumvi zikakatana salamu miaka mingi, hata mazikoni hawakuendeana. Mwenyezi Mungu ametukataza dhana mbaya katika Sura ya Hujurati, nasi twaitafuta dhana kwa kulipa pesa! Kifutu ana tabia ya kulala kimya bila ya kukimbia, akiitegemea rangi yake inayofanana na majani makavu. Ndiyo sababu huwauma wengi: wanamkanyaga. Hahitaji kutumwa na mtu.

Labda mtaniuliza, na nyoka wa majumbani tulioambiwa waonywe kabla ya kuuawa? Naam, Hadithi hiyo iko katika Muslim, na aliyeipokea ni Abu Said yule yule. Wakati wa Vita vya Handaki, mwaka wa 5 wa Hijra, kijana aliyeoa karibuni aliomba ruhusa kwenda kwake, akamkuta mkewe amesimama mlangoni, akashikwa na wivu hata akataka kumchoma mkuki. Mke akamwambia aingie kwanza aone. Akaingia, akakuta nyoka mkubwa amejizungusha kitandani. Akamchoma, na haikujulikana nani aliyekufa mbele, kijana au nyoka. Hapo ndipo ikaamrishwa kuwaonya wa majumbani siku tatu, kwa kuwa Madina walikuwamo majini waliosilimu. Wanavyuoni wamekhitalifiana: wako waliosema hukumu hiyo ni ya Madina tu, na wako waliosema ni ya nyumba zote. Mwenye kutaka kuonya na aonye, lakini asimwache mtoto alale chumba hicho. Na mtazame jambo jingine: kijana yule aliuawa kwa kumkaribia. Hata leo wako wanaoumwa kwa kumfuata nyoka kwa fimbo fupi. Ibnu Masud (r.a.) amehadithia kwamba walikuwa pamoja na Mtume (s.a.w.) katika pango la Mina, Sura ya Mursalati ndiyo kwanza inashuka, nyoka akawachomokea. Mtume akaamrisha auawe, wakamkimbilia, akawahi kujificha. Hawakuchimbua jabali. Mtume aliwaambia kwamba nyoka amekingwa na shari yao kama wao walivyokingwa na yake.

Sasa nikwambieni niliyojifunza kwa matabibu tangu mwaka ule, na nawaomba akina mama na wanafunzi wayashike. Aliyeumwa atulizwe, alazwe, asikimbie wala asitembee. Avuliwe pete, bangili na kiatu kabla uvimbe haujapanda. Mguu au mkono ufungiwe kibao ili usichezechezwe, kama mfungavyo mfupa uliovunjika, bila ya kukaza. Msifunge kamba ya kuzuia damu, msichanje kwa wembe, msifyonze, msimnyweshe dawa ya kutapisha, na jiwe jeusi liacheni, halinyonyi kitu. Swila akimtemea mtu macho, yaosheni kwa maji safi mengi, tena kwa muda mrefu, kisha apelekwe. Koboko sumu yake haivimbishi sana. Hulegeza viungo mpaka pumzi inakatika, na saa chache zaweza kuwa nyingi mno. Kwa hiyo utulivu wa mgonjwa msiutegemee. Hakuna gari? Apakiwe pikipiki kati ya dereva na mtu wa kumshika. Msomeeni njiani, Qur’ani haikatazwi juu ya pikipiki.

Sindano ya sumu ya nyoka hutengenezwa kwa kumtia farasi sumu kidogo kidogo kwa miezi mingi, mwili wake ukazalisha kinga, kisha kinga hiyo ikatolewa katika damu yake. Njia hii iligunduliwa Ufaransa katika miaka ya 1890. Baadhi ya watu huipata mwili ukawakataa, na ndiyo sababu hutolewa hospitalini penye dawa za kumwokoa aliyedhurika. Wala asidhani mtu kwamba kuitafuta ni kuwafuata wageni. Mwaka 1199 huko Misri waziri Mwislamu, al-Qadi al-Fadil, alimtaka tabibu Musa bin Maimun, naye ni Myahudi, aandike kitabu kifupi cha kuwafahamisha watu la kufanya wakiumwa na wenye sumu kabla hawajamfikia tabibu. Baadhi ya yaliyomo, kama kufunga na kufyonza, matabibu wa leo wameyaacha, elimu haikusimama. Lakini nia ya waziri yule ya kuwaandaa raia kabla ya msiba, hiyo sisi bado hatujaifikia.

Shirika la Afya Duniani lilitia kuumwa na nyoka katika maradhi yaliyopuuzwa mwaka 2017, na mwaka 2019 likaweka shabaha ya kupunguza vifo na vilema kwa nusu ifikapo 2030. Hesabu yake ni kwamba watu baina ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka, na wanaokatwa viungo au kubaki na vilema ni kama mara tatu ya hao. Wengi ni wakulima, wachungaji na watoto. Ni watu wa nyumba kama zetu.

Kwa hiyo kamati ya msikiti huu imekubaliana na ombi langu. Kabla ya mvua zijazo watu wawili watakwenda zahanati na hospitali ya wilaya kuuliza sindano iko wapi na ni nani wa kupigiwa simu usiku, na majibu yatabandikwa mlangoni, panapovuliwa viatu. Jumamosi asubuhi tutafyeka nyuma ya madrasa. Magunia yangu ya mahindi nimekwisha kuyapandisha juu ya uchaga, na kuni ziko mbali na nyumba. Watoto wasitumwe kuni jioni. Mtoto alale kitandani, chandarua kimechomekwa chini ya godoro. Na kung’uta tandiko kabla ya kulala ni Sunna iliyothibiti katika Bukhari, iliyoelezwa sababu yake kuwa mtu hajui ni nini kilichoingia humo baada yake. Kurunzi zipo madukani.

Yule mtoto sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Hutembea kwa mguu wa bandia, na Ijumaa nyingi husafiri kuja kusali hapa. Miaka niliyomwomba radhi hakunijibu kwa maneno, alinishika mkono tu. Juma lililopita, baada ya habari za kifutu wa kizingitini kwangu, alinijia akaniambia, “Mwalimu, kieleze kile kisa. Mimi sioni aibu.” Yuko safu ya pili.

Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na kwa ajili yenu na Waislamu wote. Nanyi mwombeni.