Mwaka Wangu wa Kisomo Mafia

(Hotuba iliyotolewa katika Juma la Jubilei, wakati wa kuwaaga vijana wa usharika wanaokwenda kufundisha kwa kujitolea)



Nimeombwa nitoe neno kwa vijana wetu ambao juma lijalo wanaanza mwaka wa kufundisha visiwani. Mwenyekiti amenipa dakika kumi, naye anajua wachungaji na dakika kumi zao. Kwa hiyo sitahubiri. Nitawasimulia nilivyoanza mwaka wangu mimi, maana niliuanza vibaya.

Ilikuwa Januari 1979. Nilikuwa na miaka 18, mtoto wa Kariakoo, nimetoka kumaliza kidato cha nne. Vita na Idi Amin vilikuwa vimeanza, sabuni na sukari vimekuwa adimu. Mama yangu alizunguka soko jipya, lile lililofunguliwa 1975, hata akapata vipande viwili vya sabuni ya kufulia, akavifunga ndani ya shati langu. Kwa pepo za kaskazi nikapanda jahazi kwenda Mafia, ambako mjomba wangu alikuwa karani, nikawe mwalimu wa kujitolea wa kisomo. Posho yetu ilikuwa shilingi 30 kwa mwezi.

Vijana hamkuziona siku zile. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka wa 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mafia na Ukerewe zikawa miongoni mwa wilaya sita za kwanza zilizotakiwa kufuta ujinga kabla ya nyingine. Kampeni ilipoanza, karibu theluthi mbili ya watu wazima nchini walihesabiwa kuwa hawajui kusoma. Mtihani wa taifa wa 1977 ulionyesha wamebaki 27 katika kila 100. Nami nilikwenda nikiamini kwamba hao waliobaki wananingojea mimi.

Darasa lilikuwa chini ya mkungu, Kilindoni, karibu na pwani. Nilipanga saa kumi kila siku. Mjomba alicheka. Wanafunzi wangu walikuwa wavuvi, na bahari haifuati saa ya mwalimu: maji hujaa na kutoka yakichelewa karibu saa nzima kila siku. Ikanibidi nijifunze kupanga masomo kwa bamvu na maji mafu.

Lakini kosa langu halikuwa la saa. Katika daftari nililokabidhiwa kulikuwa na mzee mmoja, nahodha wa zamani, ameandikwa kuwa hajui kusoma. Siku ya kwanza nilimwita mbele ya wenzake, nikaushika mkono wake, nikauongoza kuandika herufi A kama mtoto. Hakusema neno. Aliandika, akanishukuru, akarudi kuketi. Kesho yake, kati ya watu 19, walikuja watatu.

Jioni mjomba akanieleza. Yule mzee ndiye aliyewaandikia watu barua pale mtaani, ndiye aliyeandika mikataba ya ndoa na hesabu za nazi. Aliviandika vyote kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, kama watu wa pwani walivyoandika tangu kabla mmisionari yeyote hajashuka Dar es Salaam. Kwa daftari langu, hayo hayakuwa kusoma. Mpaka leo hujiuliza ni wangapi katika hesabu ile ya taifa walikuwa kama yeye.

Nililelewa jirani na Waislamu, mlango kwa mlango. Idi tulikula kwao, na Krismasi wao walikula kwetu. Nilidhani ninawajua. Kumbe nilijua pilau tu.

Sikulala vizuri. Alfajiri, baada ya watu kutoka msikitini, nilikwenda kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu."

Nikaomba radhi. Akanitazama kwa muda, kisha akasema: "Mwanangu, mimi nilijiandikisha ili wenzangu wasione haya kuja. Sasa nenda ukawaite, nami nitakuja."

Nikamwambia siwezi kumfundisha mtu ambaye sijui anachokijua, na kwamba nakuja kuomba aniandikishe mimi. Ndivyo tulivyofanya mwaka mzima. Mimi nilimfundisha A, be, che. Yeye baada ya somo alinifundisha alifu, be, te. Alinichapa vidole kwa ufito wa njugwa mara mbili, bila kunionea. Darasa lilirudi, likafika watu 26, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume.

Nilirudi nyumbani Desemba. Miaka kadhaa baadaye nilikwenda Makumira kusomea uchungaji. Siku ya kwanza ya Kiebrania wenzangu walihangaika sana, maana huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto. Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Mwalimu akasimama nyuma yangu, akaniuliza nilisoma seminari gani kabla ya pale.

Nikamjibu: Kilindoni, chini ya mkungu.