RAMANI YA MIFEREJI IELEZE NA HALI YA MAJI



Mwalimu wa Kizimbani akiulizwa shehia yake ina mifereji mingapi ya umma, huenda akaitaja mmoja mmoja, kwani huwaona watoto wakipita na ndoo kila siku. Akiulizwa ni ipi yenye maji yanayofaa kunywewa, jibu huwa zito. Swali hilo la pili ndilo ambalo ramani ya maji haina budi kulijibu.

Kizimbani si mahali pageni kwa kazi ya kupima. Ardhi yake ni miongoni mwa zile za mwanzo kupandwa mikarafuu Unguja katika karne ya 19, na wataalamu wa kilimo wamechunguza hapo udongo na mazao kwa miaka mingi. Panapopimwa udongo hapashindikani kupimwa maji.

Zanzibar imefanya juhudi kubwa ya kufikisha maji kwa watu. Katika utawala wa Sultani Barghash, kati ya 1870 na 1888, maji ya chemchemi za upande wa Bububu yaliletwa mjini. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wananchi walipewa maji bila malipo kwa miaka mingi, na sheria ya mwaka 2006 ikaunda Mamlaka ya Maji Zanzibar. Lakini kufikisha maji ni kazi moja, na kujua hali yake ni kazi nyingine.

Kipindupindu kimelifundisha taifa somo hilo kwa gharama ya roho za watu. Kiliingia Unguja mwaka 1869, na daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi hapo, akaandika habari zake katika kitabu kilichotoka mwaka 1876. Miaka mingi baadaye, mwaka 2015 na 2016, maradhi hayo hayo yaliwasumbua tena wananchi wa visiwa hivi.

Mjini London mwaka 1854, daktari John Snow alitia alama kwenye ramani kila nyumba iliyofiwa, na alama zikasongamana kuzunguka pampu moja ya umma. Mjane mmoja aliyekuwa akiishi mbali na hapo alikuwa akiletewa maji ya pampu ile kwa sababu aliipenda ladha yake, naye akafa. Ni dhahiri kwamba macho na ulimi si vipimo vya kutosha.

Mwaka 2016 ilianza kazi ya kuipiga picha Zanzibar kwa ndege ndogo zisizo na rubani ili kutengeneza ramani mpya, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakashiriki. Ni kazi ya kujivunia. Hata hivyo, kutoka angani paa huonekana, lakini vijidudu vilivyomo ndani ya ndoo havionekani. Hapo hapana budi mtu aende kwa miguu, achukue maji na kuyapeleka yakapimwe. Shirika la Afya Duniani linataka mililita 100 za maji ya kunywa zisiwe na hata kijidudu kimoja cha kinyesi cha aina ya E. koli.

Tena maji hubadilika. Yanapokatika, nguvu ndani ya bomba hupungua, na uchafu ulio nje huweza kuingia penye ufa. Kwa hiyo alama ya ramani isiyo na tarehe ya kupimwa inaweza kumdanganya mwananchi. Kila mfereji uandikwe mahali ulipo, siku ulipopimwa, na mojawapo ya maneno haya: yananyweka, hayanyweki, au hayajapimwa.

Neno gumu kuliko yote ni hilo la pili. Mtumishi huogopa kuliandika, akidhani ataiaibisha ofisi yake. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Aibu haimo katika kuandika kwamba maji hayanyweki. Imo katika kulijua jambo hilo na kulifungia sandukuni, huku mama mzazi akiendelea kujaza ndoo.

Ramani hiyo, basi, ibandikwe kwa sheha, shuleni na kwenye kituo cha afya. Mwalimu awafundishe watoto kuisoma, na mtumishi airekebishe kila maji yanapopimwa upya. Hapo ndipo mwananchi atakapoujua mfereji ulio karibu naye, na kuyajua maji anayokunywa.