Alizeti-Mwitu, Chakula cha Udongo

Leo nataka kusema nanyi habari za mmea mmoja ambao watu huupita njiani bila kuutazama. Kimo chake chapita kimo cha mtu. Maua yake ni ya manjano, mfano wa alizeti, na majani yake ni machungu. Asili yake ni Mexico na nchi za jirani. Huitwa alizeti-mwitu; wataalamu huuita tithonia. Haufi ukiisha kuzaa mbegu, na ukikatwa huchipuka tena.

Kwa nini nausema? Vijana wengi wamekwenda kutafuta dhahabu, huko Misisi na penginepo. Shamba limebaki kwa mama na wazee. Nguvu zikipungua, shamba la karibu hulimwa kila mwaka bila kupumzishwa, na muhogo hutoa mizizi midogo. Nyumba isiyovuna hununua unga. Basi dhahabu iliyochimbwa kwa jasho huingia chunguni na kwisha.

Udongo nao huona njaa. Katika kilo 100 za majani mabichi ya alizeti-mwitu mna karibu kilo 0.7 za naitrojeni, inayokuza majani, na karibu kilo 0.8 za potasiamu, ambayo muhogo huihitaji sana. Fosforasi imo pia, lakini kidogo. Tena majani haya huoza upesi.

Basi fanyeni hivi.

Kwanza, mvua zikianza, kateni vijiti vilivyokomaa, urefu wa sentimita 20 mpaka 40. Vichomekeni kwa kuinamisha kidogo, mpangoni, kwenye mpaka wa shamba. Vitakuwa ua, na majani yatakuwa karibu.

Pili, kateni matawi mabichi kabla hayajatoa maua. Acheni kisiki cha kimo cha goti ili kichipuke.

Tatu, katakateni majani na matawi laini kwa panga, myafukie kwa jembe siku ile ile. Yasikauke juani. Tuta la mita 10 kwa mita 1 latosha kilo 25 za majani mabichi.

Nne, ngojeni kama juma moja, kisha pandeni.

Mtasema, «Kazi hii ni nzito.» Ni kweli. Magharibi ya Kenya, katika miaka ya 1990, wakulima na wataalamu waliijaribu kwa mahindi, na mavuno yakaongezeka. Lakini waliona kwamba kubeba majani kwa shamba kubwa kwachosha watu. Faida ilikuwa bora kwenye mboga zinazouzwa sokoni. Nanyi anzeni na bustani ndogo ya mboga karibu na nyumba. Watu wa machimboni hula kila siku. Mboga zenu zitapata mnunuzi.

Nawaonya mambo matatu. Msikate majani mahali dhahabu inaposafishwa kwa zebaki, wala msilete matope ya huko bustanini, maana zebaki ni sumu. Tena, msiuache mmea huu utawanye mbegu ovyo, usije ukaingia mashamba ya jirani. Mwisho, jueni kwamba mmea huu haupati naitrojeni kutoka hewani kama maharagwe yanavyoweza. Huchota udongoni mahali unapoota. Kwa hiyo changanyeni na samadi ya mbuzi na majivu ya jikoni, na maharagwe yaingie zamu yake shambani.

Msiamini maneno yangu tu. Limeni matuta mawili sawasawa, mbegu moja, siku moja. Moja litieni majani, la pili msilitie kitu. Siku ya kuvuna pimeni kila tuta kwa kikapu kimoja, na mwite kijana aliyerudi kutoka machimboni atazame. Vikapu vyenyewe vitamwambia kama nyumbani pia kuna mali ya kuchimba.