Risasi za Chuo cha Kent

Adhuhuri ya tarehe 4 Mei 1970, katika chuo kikuu cha Kent State, jimbo la Ohio, Marekani, wanafunzi walipiga kengele ya chuo, ile iliyozoeleka kusikika timu yao iliposhinda mpira, wakakusanyika kupinga amri ya Rais Nixon, aliyekuwa ametangaza siku nne kabla kwamba majeshi yake yaliyokuwa yakipigana Vietnam yameingia na Kambodia.

Hatukatai kwamba siku mbili kabla jengo la mafunzo ya kijeshi chuoni lilitiwa moto, wala kwamba mchana ule mawe yalirushwa. Lakini askari wa akiba wa jimbo waliokuwa wameletwa chuoni walipogeuka kileleni mwa kilima cha hapo na kufyatua bunduki kwa muda wa sekunde 13, wakaua wanafunzi wanne na kujeruhi tisa, aliyekuwa karibu zaidi katika wale wanne, Jeffrey Miller, alikuwa mbali nao kadiri ya mita 80. Na Sandra Scheuer, ambaye hakuwamo katika maandamano bali alikuwa akienda darasani, kadiri ya mita 120. Ni mkono gani wa binadamu utupao jiwe likamdhuru mtu kwa umbali huo?

Wako wasemao kwamba kazi ya mwanafunzi ni kusoma, na mambo ya vita awaachie wakubwa. Hoja hiyo ingalikuwa na uzito lau vita vile vingalipiganwa na wakubwa wenyewe. Desemba 1969 tarehe za kuzaliwa za vijana zilichotwa moja moja kutoka katika chombo cha kioo, ijulikane nani atangulie kuitwa jeshini. Na kijana wa miaka 18, aliyeweza kupelekwa kufa Asia, katika sehemu kubwa ya nchi hiyo hakuwa na idhini ya kumpigia kura wala kumkataa aliyempeleka, mpaka katiba iliporekebishwa mwaka 1971. Aliyenyimwa sanduku la kura asemee wapi, kama si uwanjani?

Baada ya risasi, Profesa Glenn Frank, mwalimu wa jiolojia, aliwasihi wanafunzi kwa sauti ya kilio watawanyike, nao wakamtii. Hivyo mwalimu asiye na silaha akahifadhi roho ambazo wenye silaha walizihatarisha.

Tume ya Rais yenyewe iliyochunguza mkasa huo ilitamka kwamba ufyatuaji ule haukuwa na udhuru. Hata hivyo mwaka 1974 hakimu alifuta mashtaka ya askari wanane, na mwaka 1979 majeruhi na wazazi wa marehemu wakapewa jumla ya dola 675,000 pamoja na waraka wa masikitiko. Sisi hatuoni kwamba hiyo ni insafu.