Nomino Haishikwi kwa Kukariri



Ninyi wahitimu wa ualimu mnaingia kazini wakati mzigo wenu umeongezeka. Kwa mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2024, Kiingereza kinafundishwa tangu Darasa la Kwanza, badala ya la Tatu kama ilivyokuwa. Wengi wenu mtapokea watoto wasioisikia kabisa lugha hiyo nyumbani. Naomba niseme nanyi juu ya somo moja dogo: kumfundisha mtoto kuitambua nomino katika sentensi ya Kiingereza.

Tumezoea kuandika ubaoni kwamba nomino ni jina la mtu, mahali au kitu, darasa zima likaitikia, ubao ukafutwa. Kisha mtoto anapewa sentensi "The cook can cook", naye anapigia mstari "cook" zote mbili. Alichokariri hakikumsaidia, kwa sababu neno ni lile lile. Kilichobadilika ni kazi yake. Mfundisheni atazame kilichotangulia: la kwanza lina "the" mbele yake, la pili lina "can". Mpeni na "The old woman sells fish". Mwenye haraka atapigia mstari "old". Msimwekee alama ya kosa mkapita. Muulizeni: huyo "old" ni nani? Atajibu mwenyewe: "woman". Na "fish", isiyotanguliwa na "the", ataipata kwa kujiuliza mama huyo anauza nini.

Watoto hawa hawaji mikono mitupu. Mtoto wa miaka sita anasema "kikombe changu kimevunjika", kisha "vikombe vyangu vimevunjika", na hakuna aliyemkalisha chini kumfundisha ngeli. Tayari anahisi kwamba nomino ndiyo inayoongoza sentensi. Anzeni hapo, kisha mwonyesheni njia ya Kiingereza: "my cup", "my cups", nomino imebadilika, "my" imebaki ilivyo. Kiswahili chake kiwe ngazi ya kupandia, kisiwe kosa la kuadhibiwa.

Mtakuta madarasa yaliyojaa na vitabu vichache. Sentensi tatu ubaoni na maswali mazuri vinatosha kuanzia. Mtoto anayeweza kueleza kwa nini neno fulani ni nomino ataimudu hata sentensi ambayo mwalimu wake hakuwahi kumwandikia, na huko ndiko tunakotaka afike.

Nendeni mkafundishe kwa subira na upendo. Mungu awatangulie.