Usichukue Yote



Asubuhi hii twende mbali kidogo, hata milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Huko yuko mnyama mdogo wa jamii ya panya aitwaye chinchila. Uzito wake ni kama nusu kilo tu. Hukaa katika nyufa za miamba, mahali ambapo usiku huwa na baridi kali. Lakini Muumba hakumwacha uchi. Katika kitundu kimoja cha ngozi yake huota nywele zaidi ya 50, nazo ni laini ajabu.

Vazi hilo lililomwokoa na baridi ndilo lililomletea mauti. Matajiri wa Ulaya na Marekani waliyatamani manyoya yake, na koti moja refu lilihitaji ngozi zaidi ya 100. Wawindaji wakapanda milimani, wakaua waume kwa wake, wakubwa kwa wadogo. Kadiri chinchila walivyopungua, ndivyo bei ilivyopanda. Na kadiri bei ilivyopanda, ndivyo walivyozidi kuwindwa. Mwaka 1910 Argentina, Bolivia, Chile na Peru zilipatana kuwalinda, lakini walikuwa karibu kwisha. Mwaka 1923 Mmarekani Mathias Chapman alichukua chinchila 11 walio hai mpaka California, na wazao wao wanafugwa hata leo. Wale wa milimani bado ni wachache, wamo hatarini kutoweka.

Msiwacheke wawindaji wale. Nilipokuwa kijana, mzee mmoja alitufundisha kurina asali. Alisema, "Waachieni nyuki sehemu yao." Siku moja mzee hakuwapo. Tukakata masega yote, tukarudi nyumbani tukiimba. Msimu uliofuata tuliukuta mzinga mtupu.

Ndugu zangu, Torati inamruhusu mtu aonaye kiota njiani kuchukua makinda, lakini mama yao sharti amwachilie. Mungu hakukataza kula, alikataza kumaliza. Basi leo unapoinua shoka msituni, unapotupa wavu ziwani, au unapopanga bei dukani, jiulize: Je, nimemwachia kitu yule ajaye nyuma yangu?

Tuombe. Ee Bwana, umetupa vingi, nasi tumetaka vyote. Utusamehe, na utufundishe kusema, "Yatosha." Amina.