Tangi la Maji la Nyumbani: Ukubwa Upi Unafaa?

(Haya ni maelezo yaliyotolewa na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya akiba na mikopo vya wilaya za Kinondoni na Temeke. Yanachapishwa kwa ombi la makatibu waliohudhuria.)



Nimeombwa nizungumze juu ya mikopo ya matangi ya maji. Huenda baadhi yenu mlitazamia kwamba mkaguzi atakuja na leja na hati za malipo. Leo nimekuja na ndoo, dumu na hesabu za darasa la nne, kwa sababu mkopo wa tangi huharibika kabla haujaingia kitabuni.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilikagua chama kimoja kilichokuwa kikiwakopesha wanachama matangi. Kamati ilikuwa imeamua kila mkopaji apate tangi la lita 5,000, kwa kuwa muuzaji aliahidi kupunguza bei iwapo yote yatakuwa ya aina moja. Fomu zilijazwa vizuri, wadhamini walitia sahihi, risiti zote zilikuwapo. Niliandika kwamba vitabu ni safi, nikapiga muhuri. Miezi mitano baadaye nilipelekwa Mbagala, nyumbani kwa mwanachama mmoja, mama mjane aishiye na wajukuu wawili. Mkopo wote ulikuwa umekwisha kwa kununua tangi, hata akakosa fedha za nondo na zege. Mnara ulijengwa kwa matofali matupu, ukaanguka. Tangi likapasuka na ukuta wa jiko ukabomoka. Kwa rehema ya Mungu watoto walikuwa shuleni. Marejesho yalikuwa yamebaki ya miezi kumi na mitatu, na mama yule aliyalipa yote. Aliniuliza swali moja tu: "Bwana mkaguzi, watu watatu lita elfu tano ni za nini?" Sikuwa na jibu. Kamati haikumwuliza yeye, nami sikuiuliza kamati.

Wahenga walisema, maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Ukubwa wa tangi haupimwi kwa tangi la jirani, wala kwa kiasi cha juu cha mkopo ambacho mtu anaruhusiwa. Hupimwa kwa mambo manne.

Jambo la kwanza ni watu na matumizi yao. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba lita 50 hadi 100 kwa mtu kwa siku hutosheleza mahitaji mengi ya msingi. Lakini nyumba hazifanani. Wanaooga kwa ndoo hawatumii sawa na wenye bafu la mvua na choo cha kuvuta. Njia iliyo bora ni kupima. Kwa wiki moja, kila dumu la lita 20 linapotumika, chora mstari mmoja ukutani kwa mkaa. Mwisho wa wiki hesabu mistari, zidisha kwa 20, gawanya kwa 7. Hapo umepata matumizi ya nyumba yako kwa siku moja.

Jambo la pili ni siku ambazo bomba hukauka. Sehemu kubwa ya maji ya jiji letu hutoka Mto Ruvu, kupitia mtambo wa Ruvu Juu uliojengwa mwaka 1959 na wa Ruvu Chini wa mwaka 1976. Mto ukipungua, jiji zima hutaabika, kama tulivyoona Oktoba 2022, ukame ulipoleta mgao mkali. Mwezi uliofuata, mradi wa visima virefu vya Kigamboni ulizinduliwa ukaongeza maji. Hata hivyo kila mtaa una desturi yake. Walio mlimani au mwisho wa bomba hupata maji baada ya wengine. Basi mwulize mwombaji: kwa kawaida mnakaa siku ngapi bila maji? Nasema kwa kawaida. Tangi la nyumbani si bwawa, na anayenunua kwa kuogopa ukame wa mwaka 2022 atalipa kila mwezi deni la jambo linalotokea mara chache.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme nyumba ya watu sita hutumia lita 40 kwa kila mtu. Hizo ni lita 240 kwa siku. Bomba likikauka siku tatu, zinahitajika lita 720. Ongeza robo yake iwe akiba, yaani 180, jumla ni 900. Tangi la lita 1,000 linatosha. Mama yule wa Mbagala, kwa hesabu hiyohiyo, alihitaji lita 450. Tangi la lita 500 lingemfaa, na fedha za zege zingebaki. Nyumba ya wapangaji 14 huhitaji lita 2,100. Hapo tangi la 2,000 liko karibu sana, na mwenye uwezo achukue la 3,000.

Jambo la tatu husahauliwa na wengi: je, tangi litajaa? Siku maji yanapotoka, kinga ndoo ya lita 20 na utazame saa. Ikijaa kwa dakika mbili, bomba lako hutoa lita 10 kwa dakika. Maji yakitoka kwa saa nne, utapata lita 2,400, na humo humo mmefua na kuoga. Tangi la lita 5,000 mahali hapo litabaki nusu daima, na mkopaji atakuwa amelipia hewa.

Jambo la nne ni uzito. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Lita 1,000 ni tani moja. Lita 5,000 ni tani tano, sawa na tembo dume aliyesimama juu ya matofali yenu. Tena, msidanganyike kwamba tangi kubwa husukuma maji kwa nguvu zaidi. Nguvu ya maji bombani hutokana na urefu wa mnara, si upana wa tangi. Kwa hiyo, tangi la kiasi juu ya mnara imara wenye nondo na zege hushinda tangi kubwa juu ya mnara wa kubahatisha.

Neno moja juu ya usafi. Tangi liwe na mfuniko unaoziba vizuri na lisipenyeze mwanga, maana mwanga huotesha ukijani. Mbu waenezao homa ya dengue, iliyotusumbua hapa mwaka 2014 na tena 2019, hupenda kuzaliana katika maji yaliyohifadhiwa wazi.

Ndugu makatibu, naomba mwongeze karatasi moja katika fomu ya mkopo wa tangi. Iandikwe idadi ya watu, matumizi yaliyopimwa, siku bila maji, na ujazo wa bomba kwa saa. Gharama ya msingi, mnara, mabomba, koki na boya iingie ndani ya mkopo uleule, asiachiwe mwanachama kuitafuta baadaye. Na kabla fedha hazijatoka, mjumbe mmoja wa kamati afike nyumbani akaone mahali pa kujengea. Punguzo la bei ni jema, lakini halipaswi kuamua mahitaji ya mwanachama.

Kwa upande wangu, tangu siku ile ya Mbagala, kila ninapokagua mikopo ya matangi huchagua nyumba mbili tatu, nikaenda kutazama kwa macho yangu. Karatasi ile nitaiomba nitakapofika vyamani mwenu, kabla sijafungua leja.